Karatasi Mbili Ndani ya Kitabu cha Mpunga

Jana nilimaliza kitabu kinachohusu maziwa makubwa, na kabla sijakifunga mkono wangu ulikuwa umeshatafuta karatasi. Nilikuwa sokoni, nimeketi juu ya beseni lililopinduliwa, nikifukuza nzi kwenye ndagala za shangazi yangu. Vidole vinanuka samaki, na bado kichwani nilikuwa napanga sentensi ya kwanza ya maoni. Shangazi alinitazama akasema, "Pansione, muteja iko hapa."

Pansione ndilo jina langu siku hizi. Nina miaka thelathini na moja na naitwa mstaafu. Nilifanya kazi moja kwa miaka sita, nikaiacha mwenyewe, na sasa Papa Ruben, msimamizi wa chumba chetu cha kusomea, ameniomba niwaandikie ninyi vijana mtakaokaa kwenye ile meza baada yangu. Alisema niandike kwa kifupi. Nimeanza mara nne. Hii ni ya tano, na tayari naona haijakaa sawa, lakini nimemwahidi kwamba hii sitaichana.

Chumba hicho kiko Rugenge, hapa Uvira, nyuma ya karakana ya seremala, na rafu zake ni mabaki ya milango na vitanda vya watu. Vitabu vinatufikia ndani ya makartoni: vingine vya parokia, vingine vya watu wanaohama, vingine vimevuka mpaka kutoka Bujumbura chini ya mizigo ya sabuni. Hadithi za kubuni huazimwa siku ileile na hurudi zikiwa zimechakaa. Kazi iko kwenye vitabu vya mambo ya kweli: historia, afya, nyuki, udongo, injini, maisha ya watu. Vingi ni vya Kifaransa, na mtu wa kwetu hataki kupoteza wiki mbili kwa kitabu kisichomfaa. Ndiyo maana Papa Ruben aliweka desturi. Mtu mmoja anakisoma kitabu kwanza, anaandika maoni yake kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na karatasi inabandikwa ndani ya jalada la nyuma. Anayekuja kuazima anaanza na karatasi hiyo, ndipo anaamua.

Huyo msomaji wa kwanza nilikuwa mimi. Sikusoma sana shuleni. Niliacha mwaka wa tatu wa sekondari, na Kifaransa nilijifunza mwenyewe kwa kamusi iliyoishia herufi S, kwa sababu kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeshafungia watu karanga kabla sijainunua. Neno la ukweli kwa Kifaransa linaanza na V. Hilo nililijua kwa kuuliza.

Papa Ruben alifanya kazi ya forodha mpakani maisha yake yote, na anasoma kitabu jinsi alivyokuwa anakagua lori. Siku yangu ya kwanza nilimletea kurasa nne za maoni juu ya kitabu cha ufugaji nyuki. Alizipima mkononi bila kuzisoma.

"Espe, nyuki watakufa mbele umalize."

"Nilitaka nisiache kitu, Papa."

"Lori ikifika, siandike kila musumari wa lori. Nauliza maneno tatu. Unatoka wapi. Umebeba nini. Unaenda wapi. Kisha nafungua ile pembe yenye dereva hapendi nifungue."

Nilijifunza haraka maswali mawili ya kwanza. Kitabu kinatoka wapi: mwandishi ni nani, aliona mwenyewe au aliambiwa, aliandika akiwa amekaa nchi gani. Kimebeba nini: maarifa, au majivuno, au tangazo la mbolea. Hata ile pembe nilijifunza kuifungua. Anzeni na kurasa za mwisho, pale mwandishi anapowashukuru watu. Hapo mtajua alikula kwa nani. Someni ukurasa mmoja kwa sauti wakati seremala anapiga randa. Sentensi isiyosikika hapo mara nyingi haikuwa na kitu. Na kitabu kilichotumika kabla ya kutufikia, tazameni alama za vidole pembeni. Kurasa chafu ndizo zilizomsaidia mtu.

Swali la tatu sikulielewa. Kitabu kinaenda wapi? Kinaenda kwenye rafu, nilijiambia. Nikaliacha.

Kuhusu gundi: tunatumia unga wa muhogo uliopikwa. Ipikeni nyepesi sana. Ikiwa nzito, mende watayala maoni yenu kabla ya wasomaji. Hata nyepesi wataila, lakini wataanzia pembeni na watachukua miezi. Likumbukeni hili, litarudi.

Naona nimeshaanza kuwafundisha kama mtu anayejua. Basi niwape kwanza maoni yangu juu ya vitabu vitatu nilivyomaliza mwezi huu, mwone mmepewa mwalimu wa aina gani.

Hicho cha maziwa ni kizuri. Mwandishi anapima kila kitu, kina, joto, rangi ya maji, na kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini ziwa letu halikuwa na haraka ya kurudi mahali pake lilipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu. Lakini anazungumza juu ya ukingo wa maji kama mstari. Kwetu ukingo ni mama fulani aliyehamisha jiko mara tatu na bado anapikia uani kwa jirani. Nilimwamini kwenye maji, sikumwamini kwenye nchi kavu.

Cha pili ni maisha ya mkunga mmoja wa milimani, nchi ya mbali, ameyaandika mwenyewe uzeeni. Nililia mara mbili. Kisha nikaanza kukosa utulivu, nikarudi kurasa za nyuma, nikahesabu makosa yake. Hakuna. Miaka yote hiyo ya kuzalisha watu na hakukosea hata siku moja. Tangu hapo nilikisoma kama barua ya mtu anayeomba kazi.

Cha tatu kinafundisha kupunguza wasiwasi. Nilifanya mazoezi yote yaliyomo, kwa penseli, kwa mpangilio. Zoezi la kupumua nililirudia kwa sababu nilihisi nimepumua vibaya. Shangazi aliniuliza kama naumwa.

Sasa mpunga.

Kitabu kile kilifika kwenye kartoni lililolowa upande mmoja, lakini chenyewe kilikuwa kikavu na kizuri kuliko vyote. Kilifundisha namna ya kupanda mpunga kwa mbegu chache: unahamisha miche ingali michanga, mmoja mmoja, unaipa nafasi, na huachi maji yasimame shambani wakati wote. Unafunga maji, unangoja udongo uanze kupasuka kidogo, unarudisha maji. Kulikuwa na michoro ya wino, majedwali yaliyonyooka, kila sura imejengwa juu ya iliyotangulia. Nilikipenda jinsi mtu anavyopenda chumba kilichopangwa. Nilikisoma mara tatu. Maoni niliyaandika upya mara nane, na ya nane ndiyo karatasi bora niliyowahi kuandika. Iliishia hivi: mkulima yeyote wa bonde letu la Ruzizi anaweza kukifuata kitabu hiki ukurasa kwa ukurasa bila wasiwasi.

Mama Esta wa Bwegera ndiye aliyekiazima. Alikuja mjini kumwona dada yake, akapita kwetu, akasomewa karatasi yangu, akaniomba niisome tena. Yeye hasomi Kifaransa, lakini katekista wa kwao anasoma. Katekista alimtafsiria sura za katikati na kuziandika kwenye kaye, daftari la shule, na ukurasa wa kwanza wa kaye akanakili maoni yangu yote. Kitabu kikarudi kabla ya wiki mbili kwisha, safi. Kikundi cha wanawake wanaolima naye kilikubali ajaribu kwenye sehemu moja ya shamba la wote, sehemu aliyopewa kwa msimu ule.

Kwenye mfereji wao maji huenda kwa zamu, na kuna jambo moja ambalo halimo kwenye majedwali. Ukifunga mlango wako wa maji kabla zamu yako haijaisha, umempa maji yako aliye chini yako. Hiyo ni zawadi, na zawadi hairudishwi. Unangoja mpaka zamu izunguke mfereji mzima. Mama Esta, ambaye hakuwahi kuwa na sababu ya kufunga mapema, alifunga kama kitabu kilivyosema. Aliye chini yake alifungua kwa furaha, na kesho yake akamletea mkungu wa ndizi kumshukuru. Yeye alidhani ni ndizi za ujirani tu. Ardhi ikaanza kupasuka kidogo, kama kwenye mchoro. Alipokwenda kurudisha maji, akaambiwa zamu yake imeshapita.

Mipasuko haikubaki midogo.

Habari hizi nilizipata sokoni, kwa mwanamke wa Bwegera aliyekuwa anauza mchele, aliyesimulia juu ya "ule Mama wa kitabu" bila kujua anamsimulia nani. Nilinunua mchele wake bila kuuhitaji. Nilitembea moja kwa moja mpaka Rugenge. Papa Ruben alikuwa ametoka. Nilikibandua kile kikaratasi changu kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kisichanike, nikaandika kingine: kwamba kitabu hiki kiliandikwa kwa mashamba yenye maji ya uhakika, na mkulima wa kwetu aulize kwanza juu ya zamu kabla ya kufunga mlango wa maji. Juu yake niliandika tarehe ileile ya zamani.

Nilijiambia nawalinda wasomaji wajao. Sehemu ya hilo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonisaidia kumaliza kazi.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba yule jirani wa chini alikuwa shemeji yake Mama Esta, na kikundi hakikuona kosa la kitabu. Kiliona mwanamke aliyewapa ndugu wa mume wake maji ya kikundi, kisha akasingizia maandishi. Walitaka kumtoa kwenye shamba na kwenye mfereji. Yeye akawaambia: maandishi yapo, twendeni Uvira mkayaone.

Walikuja Jumamosi asubuhi, seremala akipiga randa. Mama Esta alitangulia, mwembamba, kaye yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma yake alikuwa kiongozi wa kikundi, mwanamke mnene wa sauti ndogo ambaye wote wanamwita Mama Prezidanti.

"Mamzeli, bonjour," Mama Esta alisema. "Nimeleta Mama Prezidanti aone na macho yake." Alisema kwa uchangamfu, kama mtu anayemleta mgeni kuona mtoto mchanga.

Nilitoa kitabu.

Mama Prezidanti alifungua jalada la nyuma akasoma, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho alirudi juu kutazama tarehe.

"Esta."

"Mama."

"Karatasi iko nasema uulize zamu mbele ya kufunga."

"Hapana. Inasema bila wasiwasi. Iko hapa, katekista aliandika." Akafungua kaye.

"Katekista wako aliandika yenye ulipenda kusikia." Akafunga jalada. "Na shemeji yako, mupunga yake iko muzuri kabisa. Tumeiona."

Mama Esta aligeuka na kaye wazi mkononi. Alinitazama mimi. "Mamzeli, weye mwenyewe njo uliandika. Sema basi."

Hapa ningependa kuwaambia kwamba nilisema. Nilisema, "Labda katekista alichanganya."

Randa ilinyamaza. Papa Ruben, aliyekuwa akipanga vitabu vya hesabu kwenye rafu ya chini, aliinuka kwa kushika goti. Alichukua kitabu, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha ukucha kwenye pembe za karatasi. Kisha akachukua kitabu cha udongo nilichokiandikia siku ileile, akakifungua pembeni ya kile cha mpunga. Karatasi ya udongo ilikuwa imeliwa pembe mbili. Ya mpunga ilikuwa nzima.

"Date ni moja," alisema. "Gundi ni moja. Mende ni walewale. Espe, hii karatasi walihurumia juu ya nini?"

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta meza.

"Nimekaa ku mpaka miaka yangu yote. Karatasi za kubadilisha nimeziona za kila namna, za sukari, za mafuta, za ng'ombe. Hii yako njo iko na maandishi mazuri kupita zote." Hakupandisha sauti. "Ya kwanza iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya mfuko wangu, katikati ya daftari, imenyooshwa vizuri. Mtu mwenye akili angeichoma. Mimi nilishindwa kuitupa kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilimpa Mama Prezidanti mkononi, nikamwambia nilibandua na kubandika nyingine, na kwamba Mama Esta alifuata nilichokuwa nimemwambia.

Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. "Bonde letu," akarudia. "Weye mutoto, uko wa wapi?"

"Wa hapa, Rugenge."

"Umeshapanda mupunga?"

"Hapana, mama."

"Umeshauona?"

"Ku sahani."

Seremala alicheka kule nyuma ya ukuta, kisha akakohoa kuficha. Hata Mama Prezidanti mdomo wake ulicheza. Mama Esta hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kaye yake.

"Kitabu haikunidanganya," alisema. "Kitabu ilisema ya kwao. Weye njo ulisema ya kwetu."

Nimeandika maoni mengi. Hakuna yangu hata moja yenye uzito wa sentensi hizo mbili.

Mama Prezidanti alisema wenzao wote lazima wasikie kwa mdomo wangu mwenyewe, siyo kwa mdomo wake. Basi Jumanne nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Bwegera, karatasi zote mbili ndani ya kitabu na kitabu ndani ya blauzi kwa ajili ya vumbi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye tuta la mfereji, wengine miguu majini. Nilisoma ya kwanza. Nilisoma ya pili. Nilisema ipi ilitangulia na kwa nini nilibadilisha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha alinikata.

"Sasa weye unasomaka vitabu kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya kufunga mudomo haijafika?"

Walicheka wote, nikacheka nami, na maneno yangu mazuri yakapotea. Namshukuru mpaka leo.

Walinionyesha shamba. Sehemu ya Mama Esta ilikuwa ya manjano, imechanika kama kisigino cha kiangazi. Lakini upande wa mfereji, pale tuta lilipovuja bila mtu kuliziba, kulikuwa na mistari mitatu ya miche iliyopandwa mmojammoja, na kila mche umezaa shina nene, umesimama juu kuliko mpunga wa kila mtu, hata wa shemeji. Niliinama nikaigusa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa mpunga nje ya sahani. Mwandishi hakuwa mwongo. Alikuwa tu mtu mwenye maji yake.

Mama Prezidanti naye aliinama, akatazama kwa muda. "Esta anabaki ku sehemu yake," aliwaambia wenzake. "Musimu yenye kuja atapanda vile tena, lakini hii mistari ya mfereji tu. Mwenye kukataa aseme." Shemeji yake Mama Esta, aliyekuwa amesimama mbali na kofia mkononi, alisema atarudisha zamu moja ya maji. Akaambiwa alete na ndizi.

Kisha Mama Prezidanti akanigeukia. "Zile karatasi zako mbili, usitoshe, usibandue hata moja. Watu waone."

Mama Esta akasema naye ana yake. Akakaa karibu yangu kwenye tuta, nikaandika juu ya goti langu, naye akiangalia kalamu kana kwamba inaweza kumtoroka. Kila nilipotaka kulainisha alisema, "Andika vile nasema." Iko hivi:

Minye Mama Esta wa Bwegera. Hii kitabu iko muzuri. Mwenye kuiandika alikuwa na maji yake. Sisi maji yetu ni ya zamu, ukifunga mulango umepana watu maji. Usifunge. Panda karibu ya mufereji. Mistari yangu tatu imekubali, njoo uone. Wengine mutaongeza.

Zote tatu zimo ndani ya jalada kwa mpangilio wa kweli, na juu ya ile ya pili nimeandika siku niliyoibandika. Mtakapokaa kwenye meza ile mtazikuta. Nawaomba msizifunike.

Mtadhani baada ya hapo nilifanya kazi vizuri zaidi. Sivyo. Nilianza kuogopa kila kitabu. Kitabu cha mbuzi nilikisoma wiki tano. Karatasi yake ilikuwa na "labda" kwenye kila mstari, na Papa Ruben aliishika juu kwenye mwanga akaniuliza, "Espe, hii ni maoni ao ni ukungu?" Makartoni yakapangana mpaka dirishani. Watu walikuja, wakakuta vitabu havina karatasi, wakarudi mikono mitupu, na mimi nimekaa palepale nikifuta. Nilimwambia Papa Ruben kwamba naacha ili vijana wapate nafasi. Niliacha kwa sababu ya woga. Yeye alijua, akanipa kile kitabu cha wasiwasi nikasomee nyumbani.

Mwezi wote huu nimekuwa nikijiuliza ningewaambia nini kama ningeruhusiwa jambo moja tu, na kila nikipata nabadilisha. Leo nasema hili, na mlichukue kabla sijabadilisha: karatasi ya maoni ni ya watu wawili. Andikeni nusu ya juu. Semeni kwa uhakika yale mliyoyasoma, bila ukungu, bila "labda" za kujikinga. Kama kitabu ni kibaya semeni ni kibaya. Nusu ya chini iacheni tupu, ya yule atakayekipeleka shambani, jikoni, ziwani. Hapo ndipo lile swali la tatu la Papa Ruben linapojibiwa, na siyo ninyi mtakaolijibu.

Jana jioni, baada ya ndagala, nilipita Rugenge kurudisha kitabu cha maziwa. Kitabu cha mpunga kilikuwa juu ya meza, kimerudi mchana uleule, jalada limechafuka matope. Ninyi mnaoanza mlikuwa mmeshaondoka. Nilifungua nyuma. Chini ya karatasi ya Mama Esta kulikuwa na ya nne, mwandiko nisioujua, kalamu iliyokuwa inakaribia kuisha wino: Tumejaribu Kiringye, karibu na mfereji tu, imekubali, lakini si upande wa chini.

Penseli ilikuwa kwenye nywele zangu, kama zamani. Niliitoa nikairudisha. Nikaitoa tena. Nilitaka kuandika kwamba hii inathibitisha kile Mama Esta alichosema, kwamba mkulima wa Kiringye sasa anaweza, na sentensi ilikuwa imeshajipanga yenyewe, imenyooka, nzuri. Nikakumbuka Kiringye nimepita tu kwa moto, macho nimeyafumba kwa vumbi.

Papa Ruben alikuwa anafunga madirisha. "Pansione, unaandika ao unaenda?"

Niliandika maneno matano chini ya mwandiko ule: Mfereji upi? Upande gani ulikataa?

Miaka sita kwenye meza ile, na hayo ndiyo maoni yangu ya kwanza yaliyomuuliza mtu kitu.